Ruta ya safari imeshika waifai, kifaa cha waya hakipati kitu: tuanzie wapi?

Vipo vifaa vizima kabisa ambavyo havina waifai. Kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, printa ya zamani yenye tundu la kebo tu, DVR ya kamera za ulinzi, televisheni ambayo waifai yake imeshakufa lakini tundu lake la kebo bado linafanya kazi. Ruta kuu ya nyumbani ipo sebuleni, kifaa kipo chumba cha tatu, na katikati kuna ukuta.

Kazi zangu nyingi ziko Mji Mkongwe, Unguja. Kuta za huko ni mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi unene wake hufika dhiraa nzima, na mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Kutoboa ukuta ili kupitisha kebo si jambo la kuamua asubuhi ukalimaliza mchana. Ndiyo maana nimezipenda ruta za safari. Ni visanduku vya kuenea kiganjani, vilivyobuniwa kwa ajili ya msafiri anayefikia hotelini, lakini vinaweza kushika waifai ya nyumbani kama simu inavyoishika, kisha vikaitoa upande wa pili kwa kebo. TP-Link TL-WR802N ina tundu moja la kebo. GL-MT300N-V2 ya GL.iNet, ile ya njano inayoitwa Mango, ina mawili. Zote mbili hutumia umeme wa volti 5 kupitia tundu dogo la USB, kama simu za miaka ya nyuma.

Zikikubali, unasahau kama zipo. Zikigoma, zinachosha, kwa sababu taa zote huwa zinawaka na kila kitu kinaonekana kizima. Bi mkubwa mmoja aliniita mara mbili kwa wiki moja, printa ileile. "Mwanangu, taa ya kijani ipo, ya buluu ipo. Karatasi haitoki." Mara ya kwanza nilibadilisha kebo nikaondoka. Nilikosea. Kebo ilikuwa nzima, ila sikuwa nimeuliza swali la kwanza.

Kisanduku kimepewa kazi gani?

Kwa shughuli yetu hii, ruta ya safari inaweza kufanya moja ya kazi mbili, na dalili ileile huwa na sababu tofauti kutegemea imepewa ipi.

Kazi ya kwanza ni daraja. Kisanduku kinapokea na kupitisha tu. Anwani za IP, yaani namba za kukitambulisha kila kifaa kwenye mtandao, zinagawiwa na ruta kuu, na printa iliyo chumbani inakuwa kwenye mtandao mmoja na simu iliyo sebuleni. Kwenye TP-Link kazi hii imeandikwa Client. Kwenye GL.iNet iko ndani ya ukurasa wa Network Mode kwa jina la Extender.

Kazi ya pili naiita nyumba ndani ya nyumba. Kisanduku kinaingia kwenye waifai kuu kama mgeni mmoja, halafu chenyewe kinagawa anwani zake kwa vifaa vya waya vilivyo nyuma yake. TP-Link huiita Hotspot au WISP. Kwenye GL.iNet ndiyo hali ya kawaida ukishaunga waifai kupitia sehemu ya Repeater.

Hali nyingine zilizomo kwenye menyu hazitufai. Access Point inasubiri intaneti iingie kwa kebo ndipo iirushe hewani, yaani kinyume kabisa cha tunachotaka. Na kwenye ruta yenye tundu moja kama TL-WR802N, ukiiacha katika hali ya ruta ya kawaida, tundu lile linageuka kuwa la kuingizia intaneti. Unachomeka kompyuta, taa inawaka, na hakuna kinachopita, kwa kuwa kila upande unasubiri kupewa na mwenzake. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na dawa yake ni kuingia kwenye menyu na kubadili hali. Kwenye Mango, yenye matundu mawili, soma maandishi: kifaa chako kinaingia tundu la LAN. La WAN ni la intaneti kuingilia, mpaka uligeuze kwa makusudi kwenye mipangilio.

Soma anwani kabla ya kugusa chochote

Watu hukimbilia kubonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani (reset). Subiri. Dakika mbili za kusoma anwani ya IP zinakwambia tatizo limekaa upande gani, na zinakuepusha na saa nzima ya kuanza upya.

Kama kifaa chako ni printa, chapisha ule ukurasa wake wa taarifa za mtandao. Kama ni DVR, fungua menyu ya mtandao kwenye skrini yake. Lakini njia iliyo bora ni kuchukua laptopu, kuizima waifai yake, kuichomeka kebo ileile iliyokuwa kwenye kifaa, kisha kwenye Windows kufungua dirisha la amri na kuandika ipconfig. Kuzima waifai ni lazima. Usipoizima, laptopu itapata intaneti kupitia hewani na utadhani kebo imepona.

Utakachokiona ni kimojawapo cha haya. Hakuna anwani kabisa, laptopu inasema kebo haijachomekwa: hapo ni kebo, tundu, au kisanduku hakina umeme wa kutosha. Anwani inaanza na 169.254: laptopu imejipa yenyewe baada ya kukosa wa kuigawia. Anwani iko katika ukoo mmoja na ya simu yako iliyo kwenye waifai kuu: daraja linafanya kazi. Anwani ni ya ukoo wa kisanduku chenyewe, mathalani 192.168.8 na kuendelea kwa GL.iNet: umefika kwenye kisanduku salama, na tatizo, kama lipo, liko mbele yake. Kwa ukoo nina maana ya tarakimu za mafungu matatu ya mwanzo. Katika nyumba nyingi vifaa vya mtandao mmoja huzishiriki.

Kama laptopu imepata kila kitu na intaneti inafunguka, lakini kifaa chenyewe ukikirudisha hakipati, kisanduku kiache. Kichunguze kifaa.

Dalili: anwani ni ya 169.254

Usihangaike na kampuni ya intaneti. Mazungumzo yamevunjika kabla hayajafika huko.

Kama kisanduku ni daraja, maana yake ombi la anwani halikufika kwa ruta kuu au jibu halikurudi. Sababu ya kwanza ni kwamba kisanduku hakijaunga waifai. Nywila ya ruta kuu ilibadilishwa, au ruta kuu yenyewe ilibadilishwa na jina la mtandao likawa jipya, na kisanduku bado kinalitafuta lile la zamani. Simu zote za nyumbani zilipewa nywila mpya siku ileile. Kisanduku hakuna aliyekikumbuka, maana kiko nyuma ya kabati.

Sababu ya pili inahitaji maelezo kidogo. Katika waifai ya kawaida, anayetaka kutuma lazima ajiandikishe kwanza kwa ruta kuu. Kisanduku kimejiandikisha, printa iliyo nyuma yake haijajiandikisha. Basi daraja huziba pengo hilo kwa kubandika anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani, juu ya kila kinachotoka kwa printa, na kukumbuka majibu ni ya nani. Kwa hiyo ukiifungua orodha ya ruta kuu, unaweza kukuta vifaa vya waya vyote vimevaa jina la kisanduku. Ikiwa ruta kuu imewekewa kizuizi cha kuruhusu anwani za MAC zilizoorodheshwa tu, anayepaswa kuandikwa humo ni kisanduku. Kumwandika printa peke yake hakusaidii kitu. Isitoshe, baadhi ya madaraja ya bei nafuu hubeba kifaa kimoja tu cha waya. Ukichomeka swichi ya mtandao, ile ya kuongeza matundu ya kebo, yenye vifaa vitatu, cha kwanza kinapata anwani na wenzake wanabaki na 169.254. Hapo ama unabadili kisanduku kiingie kazi ya pili, ya nyumba ndani ya nyumba, ama unanunua kingine.

Sababu ya tatu ni umeme, na kwetu hii haikwepeki. Umeme ukikatika na kurudi, vyote vinawaka kwa pamoja. Printa iko tayari mapema, kisanduku kinafuata, ruta kuu ya 4G bado inatafuta mnara. Printa inaomba anwani, haijibiwi, inajipa 169.254, na nyingine hukaa hivyohivyo muda mrefu. Chomoa kebo ya printa, hesabu hadi kumi, chomeka. Ikirudiarudia, mpe printa anwani ya kudumu ndani ya ukoo wa ruta kuu, nje ya zile inazozigawa yenyewe.

Kama kisanduku kiko katika kazi ya pili na bado unaona 169.254, basi ni jambo la karibu: kebo, tundu lisilo lake, au kugawa anwani (DHCP) kumezimwa ndani ya kisanduku. Kwa nyumba ambayo umeme unakatika kila wiki na kifaa ni televisheni au kompyuta ya kuingilia intaneti tu, mimi huchagua kazi hii ya pili. Kifaa kinapewa anwani papo hapo na kisanduku, na ruta kuu ikiamka dakika tatu baadaye intaneti inaingia bila mtu kugusa kitu.

Dalili: anwani ipo, kurasa hazifunguki

Fungua ukurasa wa kisanduku na uangalie kama kimeunga waifai kuu na kimepewa anwani upande wa huko. Kama hakijapewa, rudi kwenye nywila na jina la mtandao.

Kama kimepewa, linganisha ukoo wa pande zote mbili. Hapa ndipo penye mtego ambao umewapotezea watu wengi siku nzima. Ruta nyingi za 4G za Huawei, zile nyeupe za kusimama mezani, hutoka kiwandani na anwani 192.168.8.1. Ruta za GL.iNet nazo hutoka na 192.168.8.1. TP-Link ndogo hutumia 192.168.0.1, na ndivyo zilivyo ruta kadhaa za ZTE. Kisanduku kikiwa katika kazi ya pili, kinajikuta mbele na nyuma yake kuna mtaa wenye jina moja, na hakijui barua kipeleke wapi. Dalili zake ni za ajabu. Waifai imeungwa, anwani ipo, hakuna kinachofunguka. Au unaandika 192.168.8.1 ukitaka menyu ya kisanduku, unajikuta mbele ya ukurasa wa ruta kuu unaokuomba nywila usiyoijua.

Dawa ni kubadili anwani ya kisanduku, si ya ruta kuu, kwa sababu ukigusa ya ruta kuu utavuruga kila kilichomo nyumbani. Zima ruta kuu kwa muda au iondolee kisanduku waifai, ingia kwenye menyu kwa kebo, badili anwani ya LAN iwe 192.168.77.1 au namba yoyote isiyotumika, hifadhi, chomoa kebo na uichomeke tena ili laptopu ichukue anwani mpya. Kisha unga waifai upya. Mimi siku hizi hubadili anwani hii kabla sijatoka dukani, hata kama sijui ruta kuu ya mteja ni ya aina gani.

Daraja halina mgongano huu wa njia, lakini lina usumbufu wake. Kikishakuwa daraja, kisanduku aghalabu huacha kugawa anwani, na ile anwani ya kufungulia menyu haifunguki tena mpaka uipe laptopu anwani ya kudumu kwa mkono, ya ukoo ule wa kisanduku. Watu hudhani kimekufa, wanakirudisha kiwandani, wanapanga upya, kinapotea tena. Kinafanya kazi yake sawasawa. Iandike anwani yake kwenye kipande cha karatasi, ukibandike chini yake.

Likibaki tatizo la kwamba amri ya ping 8.8.8.8 inajibiwa lakini majina ya tovuti hayafunguki, ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Ipe laptopu au kisanduku 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwa mkono.

Dalili: kisanduku hakiioni waifai ya nyumbani

Simu inaiona, kisanduku hakiioni. Tazama bendi kwanza. Mango na TL-WR802N zinasikia 2.4 GHz peke yake. Kama ruta kuu imewekwa irushe 5 GHz tu, kwa visanduku hivi haipo duniani. Washa 2.4 GHz kwenye ruta kuu, na ikiwezekana uipe jina lake tofauti ili ujue unaunga ipi.

Kisha chaneli. Kisanduku kilichotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida husikia chaneli 1 hadi 11 tu katika 2.4 GHz. Ruta kuu iliyonunuliwa kwetu inaweza kujichagulia 12 au 13. Ndugu aliye ng'ambo amekutumia kisanduku kizuri, kimefika salama, siku moja kinaiona waifai na siku nyingine hakiioni, kulingana na chaneli ambayo ruta kuu imeiamkia. Ifunge ruta kuu kwenye 1, 6 au 11.

Kinachofuata ni ulinzi. Ruta kuu mpya ikiwekwa WPA3 peke yake, yaani aina mpya ya ulinzi wa waifai iliyoifuata WPA2, visanduku vya zamani haviwezi kuingia. Vinaiona waifai, vinakubali nywila, vinashindwa. Weka WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Kama kisanduku kimeshindwa hata hapo, sasisha programu yake ya ndani, na ujaribu jina la mtandao lisilo na nafasi wala alama.

Dalili: intaneti ipo, lakini printa haionekani na DVR haifunguki

Hapa namrudia bi mkubwa wa printa. Mara ya pili nilisoma anwani. Printa: 192.168.8.120. Laptopu ya mjukuu wake, kwenye waifai ya sebuleni: 192.168.1.15. Kisanduku kilikuwa katika kazi ya pili. Printa ilikuwa na intaneti nzuri kabisa, hata ilijua kutafuta programu mpya yenyewe, ila ilikuwa imefungiwa nyumba ya ndani, na mlango wa nyumba ya ndani hufunguka kwa anayetoka, si kwa anayebisha hodi kutoka nje.

Sheria hii ukiielewa, nusu ya mafumbo yanakwisha. Kilicho nyuma ya kisanduku kinaweza kukifikia kilicho kwenye mtandao mkuu ukikitaja kwa anwani yake. Kilicho kwenye mtandao mkuu hakiwezi kukianza kilicho nyuma ya kisanduku. Kwa hiyo kompyuta ya mezani iliyo nyuma ya kisanduku inaweza kuchapisha kwenye printa iliyo sebuleni, mradi umeiongeza kwa kuandika IP yake. Kuitafuta kwa jina hakutafaa, kwa sababu ile miito ya "nani printa hapa?" haivuki kisanduku. Lakini printa ikiwa nyuma ya kisanduku na simu zikiwa sebuleni, hazitaiona. Kwa printa, kisanduku kiwe daraja. Nilikibadilisha, nikaizima na kuiwasha printa, ikapata 192.168.1.40, na mjukuu akachapisha akiwa amekaa palepale alipo.

DVR ina namna yake. Ukiwa safarini, kamera zinaonekana kwenye simu vizuri, kwa sababu DVR yenyewe ndiyo inayotoka nje na kuzungumza na seva ya kampuni yake, na kutoka kunaruhusiwa. Ukiwa nyumbani, ukiandika IP ya DVR moja kwa moja, haijibu. Mtu analalamika kwamba kamera zinafanya kazi akiwa mbali na zinakufa akirudi nyumbani, na hakuna anayemwamini. Ni kweli tupu. Tumia programu ya simu kwa njia ileile ya safarini, au geuza kisanduku kiwe daraja.

Na kuna lingine la DVR na kamera za IP: nyingi zina anwani ya kudumu tangu kiwandani. Za Dahua huja na 192.168.1.108, kamera za Hikvision na 192.168.1.64. Ukizichomeka nyuma ya kisanduku chenye ukoo mwingine, taa zitawaka na hakuna kitakachopita hata milele. Ndiyo ile hali niliyoitaja, ambapo laptopu inapata na kifaa hakipati. Ingia kwenye menyu ya kifaa, uiweke ipokee anwani kwa DHCP, au uipe mwenyewe anwani ya ukoo unaofaa pamoja na lango lake (gateway), yaani anwani ya kisanduku au ruta inayoigawia.

Wacheza gemu watakutana na onyo la NAT, yaani ule mtindo wa ruta kuvificha vifaa vilivyo nyuma yake kwa anwani moja: PlayStation itasema aina ya 3, Xbox itataja NAT maradufu. Daraja linaondoa tabaka moja. Lakini tazama kwanza anwani ambayo ruta kuu imepewa na kampuni ya simu. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, kampuni nayo imekuweka nyuma ya lango lake, na hakuna utakachobadilisha chumbani kitakachoondoa hilo.

Dalili: inafanya kazi, kisha inakatika

Umeme wa kisanduku ndio wa kuushuku kwanza. Visanduku hivi viwili vinahitaji ampea 1. Tundu la USB la nyuma ya televisheni, kama ni USB 2.0, kwa kawaida huahidi nusu ampea. Kisanduku kinawaka, taa nzuri, na mara kinapoanza kutuma kwa nguvu kinaishiwa na kujiwasha upya. Kinachoonekana kwa nje ni intaneti inayokatika kila unapofungua video. Tena televisheni nyingi zikizimwa hukata umeme wa tundu lile, hivyo kila jioni kisanduku kinaanza upya na televisheni inalalamika haina mtandao kwa dakika ya kwanza. Tumia chaja ya ukutani, na waya wa USB mfupi na mnene. Waya mwembamba wa mita mbili hupoteza volti njiani. Kisanduku kikubwa zaidi kama Beryl AX kinataka volti 5 kwa ampea 3, hivyo chaja ya simu ya kale haitoshi.

Hapohapo kuna faida ninayowaambia wateja wote. Kwa kuwa kinakula volti 5 tu, pawabanki ya kawaida yenye kuchaji na kutoa kwa pamoja inakivusha wakati umeme umekatika. Ila si kila pawabanki inayoweza hivyo. Ijaribu kabla, kwa kuchomoa chaja ukutani na kutazama kama taa ya kisanduku inatikisika.

Kama chaja ni nzuri na bado kinakatika, angalia nguvu ya mawimbi. Hupimwa kwa dBm, na namba huwa chini ya sifuri. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo bora. Ukipata −50 uko vizuri sana, −67 inatosha kwa video, ikishuka kupita −75 tegemea kukatika. Na kama diski ya USB 3.0 imewekwa juu au ubavuni mwa kisanduku, isogeze. Intel ilionyesha tangu 2012 kwamba USB 3.0 hutoa kelele katika eneo lilelile la 2.4 GHz.

Dalili: inakwenda polepole

Jua kwanza dari lako. Tundu la kebo la Mango na la TL-WR802N ni la megabiti 100 kwa sekunde, na baada ya makato ya njiani utapata kama 94, zaidi ya hapo hakuna. Hiyo 300 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya hewani, na hewani hupatikana nusu au chini yake. Kama kifurushi chako ni cha megabiti 20, hili lisikusumbue.

Kitu kimoja cha kufanya leo: zima waifai ambayo kisanduku chenyewe kinairusha. Kina redio moja tu ya 2.4 GHz. Kikiwa kinapokea kutoka ruta kuu na papo hapo kinarusha jina lake hewani, redio ileile inagawana muda, na mwendo hupungua karibu nusu kwa anayeunga kupitia hapo. Wewe unataka kebo tu. Izime. Unabaki na uwezo wa kuingia kwenye menyu kwa kebo, na majirani wanapumua.

Baada ya hapo ni mahali. Watu hukiweka kisanduku karibu na kifaa, nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, chini ya meza ya chuma, kwa sababu kebo iliyokuja nacho ni fupi. Badilisha fikra hiyo. Kebo ya Ethernet inaweza kwenda mita 100 bila kuchoka, na waifai inachoka kwenye ukuta wa pili wa mawe. Kwa hiyo kisanduku kikae pale waifai inapofika vizuri, na kebo ndiyo iende kwa kifaa. Katika nyumba zenye ua katikati, kizingiti cha dirisha linalotazama uani mara nyingi ni bora kuliko kona yoyote ya chumba, kwa kuwa mawimbi yanapita uwazi wa ua badala ya kupenya mawe.

Shika simu yenye programu ya kuonyesha dBm, funga milango kama inavyofungwa usiku, utembee taratibu kutoka sebuleni kuelekea chumba cha kifaa ukiisoma namba. Mahali pa mwisho kabla haijashuka chini ya −67, weka alama ya chaki ukutani. Pima kutoka hapo hadi kwenye kifaa kwa kufuata ukingo wa ukuta, ongeza mita moja ya kona, na hiyo ndiyo kebo ya kwenda kununua.